Wafumaji Waliomzidi Mchoraji kwa Bei

Kati ya kazi za wafumaji wa Brussels, kwa gharama tuanze na tapestri, picha zilizofumwa za kutundika ukutani, ambazo Papa Leo wa 10 aliziagizia Kanisa la Sistine. Raphael, aliyechora vielelezo, alilipwa dukati 1,000. Ufumaji katika karakana ya Pieter van Aelst, Brussels, ulifikia dukati 15,000 hivi. Kwangu mimi, bei hiyo ilikuwa halali. Vielelezo vilikatwa vipande virefu, vikawekwa chini ya nyuzi za mtande, na mfumaji akafuma akiwa upande wa nyuma wa kitambaa. Picha ilitokea imegeuka kama kwenye kioo, ndiyo maana Raphael aliichora kinyume tangu mwanzo. Tapestri 7 za kwanza zilitundikwa Desemba 1519.

Kwa wingi wa mikono, namtaja Willem de Pannemaker. Mkataba wake wa 1548 wa kumfumia Kaisari Charles wa 5 ulimtaka aweke wafumaji 7 kwa kila kitambaa, na vitambaa vilikuwa 12, vyote vikisimulia vita vya Tunis vya 1535. Kazi ilikamilika 1554. Mchoraji, Jan Vermeyen, alikuwa amefuatana na jeshi lenyewe. Kitambaa cha kwanza ni ramani, na mtazamaji anachukuliwa kuwa amesimama Barcelona akielekea kusini, hivyo Afrika iko juu. Ustadi wote huo, hariri na nyuzi za dhahabu, ulitumika kutukuza uvamizi wa mji ambao watu wake waliuawa na kuuzwa utumwani. Siwezi kuusifu mkono wa mfumaji nikanyamaza kuhusu hilo.

Zilizosafiri mbali ni za mfalme Zygmunt August wa Poland, aliyeagiza Brussels shehena kubwa kwa ajili ya ngome ya Wawel. Zaidi ya 130 zipo hadi leo. Mwaka 1939 zilitoroshwa mbele ya jeshi la Ujerumani kwa kupitia mto Vistula, zikafika Romania, Ufaransa, Uingereza, na hatimaye Kanada. Za mwisho zilirudi 1961.

Kwa kudumu, ukoo wa Leyniers, watia rangi na wafumaji, ulirithishana kazi kwa zaidi ya karne mbili hadi ulipofunga karakana mwaka 1768. Jacob van der Borcht, mfumaji wa mwisho wa zama hizo mjini Brussels, alifariki 1794. Leo karakana ya De Wit, Mechelen, iliyoanzishwa 1889, husafisha na kukarabati kazi za koo hizo.