Klarineti Mpya ya Mpingo Isipasuke

Klarineti za mbao zinazotengenezwa Ufaransa na Ujerumani huwa, kwa sehemu kubwa, ni mpingo uliokatwa kusini mwa Tanzania au ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Ni mti uleule wa vinyago vya Wamakonde: hukua polepole mno, na moyo wake mweusi ni mzito hata huzama majini. Kwa sababu hiyo mnunuzi mpya hujiona amepata chombo cha chuma. Lakini uzito na ugumu si kinga dhidi ya unyevu, na klarineti mpya ndiyo hupasuka kwa urahisi zaidi.

Pumzi ya mpigaji ina joto linalokaribia nyuzi 37, tena imejaa mvuke. Ikiingia kwenye tundu la ndani, lenye upana wa milimita 15 hivi, mbao ya ndani hupata joto, hunywa maji na kutanuka. Ya nje bado ni kavu na baridi, haijatanuka. Ndani kunasukuma, nje kunakaza, na pasipo na nguvu ndipo panapoachia. Mara nyingi ni kipande cha juu, kwa kuwa hupokea pumzi kabla ya kipande cha chini, na ufa huanzia kwenye matundu yaliyotobolewa humo.

Ndiyo maana mafundi wengi hushauri dakika 15 hadi 20 tu kwa siku katika wiki ya kwanza, kisha kuongeza kidogokidogo kwa mwezi mmoja au zaidi, ili mbao izoee kulowa na kukauka. Kama asubuhi ni ya baridi, tuseme Nairobi mwezi Julai, kwanza kishike kipande cha juu viganjani au kiweke kwapani mpaka kipoteze ubaridi. Kukipulizia pumzi ya moto ili kipate joto haraka ni kulianzisha tatizo lenyewe.

Ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa chenye kamba katika kila kipande. Vuta taratibu: ndani ya kipande cha juu mna kijibomba cha chuma kinachochomoza, na kitambaa kilichojikunja hunasa hapo. Kikigoma, kirudishe kilikotoka. Kisha kianike nje ya sanduku, maana kitambaa kibichi kikifungiwa ndani pamoja na klarineti, unyevu ulioutoa umeurudisha.

Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa hana sababu ya kuogopa ukavu wa hewa ya nje. Wasiwasi wake uwe kiyoyozi, kinachokausha hewa chumbani usiku kucha, na buti la gari lililoegeshwa juani. Mbao hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60, lakini mabadiliko ya ghafla huiumiza kuliko kupungukiwa kidogo. Zitazame pete za chuma kwenye viungo. Zikianza kulegea na kuzunguka zenyewe, mbao imesinyaa kwa ukavu.

Kuhusu mafuta, mafundi wenyewe hawajaafikiana. Wapo wanaopaka mafuta ya lozi ndani ya tundu, wapo wasiotaka hata kuyasikia. Mimi nasema mwaka wa kwanza yaache. Mpingo una mafuta yake ya asili, na tone likifika kwenye pedi zinazoziba matundu huziharibu. Mafuta ya kupikia usiyajaribu kabisa, yananata na kuchacha. Mafuta mazito ya viungo ni jambo jingine: hayo hupakwa kwenye gamba laini linalounganisha vipande, lile la jamii ya vizibo vya chupa za mvinyo. Kiungo kikikaza hata baada ya kupakwa, usikizungushe kwa nguvu. Huenda mbao imevimba, na fundi ndiye wa kukipunguza.

Na chombo kikipasuka? Acha kupiga siku hiyohiyo, kwa sababu kila pumzi hurefusha ufa. Fundi mzuri huujaza gundi, na ukiwa mrefu huubana kwa pini nyembamba za chuma au nyuzi za kaboni zinazokatiza mbao. Kazi ikifanywa vizuri, sauti haibadiliki. Ila soma kwanza karatasi za dhamana: baadhi ya watengenezaji huwajibika kwa nyufa za mwanzoni, na chombo kikiguswa na fundi wasiyemtambua, haki hiyo inaweza kupotea.