Kompyuta ya mwalimu na hesabu za mwanao

MWANZA. Mtoto akirudi nyumbani na daftari la Hisabati lililojaa wino mwekundu, wa kwanza kulaumiwa ni yeye, wa pili ni mwalimu wake. Ni nadra mzazi kuuliza mwalimu huyo alifundishwaje kufundisha.

Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2022, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano alifaulu Hisabati. Na hofu ya hesabu si uvivu: inapomshika mtoto, husahau hata anachokijua.

Jijini hapa walimu wa kesho huandaliwa Chuo cha Ualimu Butimba na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Malimbe. Vyuo vya ualimu vya serikali vilianza kupelekewa kompyuta kupitia mradi wa Wizara ya Elimu uliofadhiliwa na Sweden, ulioanza 2005.

Lakini kujua kuchapa barua ni jambo moja, kufundisha hesabu kwa kompyuta ni lingine kabisa. Mtafiti Ayoub Kafyulilo na wenzake walilifuatilia hilo kwa walimu wanafunzi wa sayansi na hisabati nchini. Kilichosaidia ni kuandaa somo pamoja, kufundishana, kisha kujadili palipopwaya.

Chukua mchoro wa y = ax². Ubaoni mwalimu huchora mmoja, hufuta, huchora wa pili, na kengele inalia. Kwa GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa 2001 na Markus Hohenwarter wa Austria, mwanafunzi husogeza kidole na kuona mkunjo ukibana, ukitanuka, kisha ukipinduka namba ikiwa hasi. Sekondari husomesha kwa Kiingereza, lugha inayowapa wengi mzigo wa pili; mchoro unaosogea hauhitaji tafsiri.

Kuna kikwazo. Mhitimu anaweza kupangiwa kisiwani Ukerewe, shule isiyo na chumba cha kompyuta. Aliyezoea kompyuta arobaini za chuo atakwama. Aliyefunzwa kutumia moja mbele ya darasa zima atapata pa kuanzia.

Programu hiyo ikishapakuliwa hufanya kazi hata kwenye simu bila bando. Kwenye kikao kijacho cha wazazi, baada ya ajenda ya michango ya chakula, mwulize mwalimu wa Hisabati kama anaitumia. Akisema shule haina projekta, mwonyeshe simu yako.