Kiwanda Huhama, Jina Hubaki: Somo la Bunduki ya Winchester

Katika madarasa ya siasa huulizwa: kiwanda ni nini? Wengi hujibu kwamba ni jengo, mashine na wafanyakazi. Jibu hilo si kosa, lakini halitoshi. Historia ya bunduki ya kuwindia iitwayo Winchester inaonyesha kwamba katika ubepari kuna kitu cha nne, yaani haki ya kutumia jina. Mwenye haki hiyo anaweza kuviacha vile vitatu vife mahali pamoja na kuanza upya nchi nyingine.

Kampuni ya Winchester ilianzishwa mwaka 1866 katika jimbo la Connecticut, Marekani, na kwa zaidi ya miaka 100 kiwanda chake kikuu kilikuwa katika mji wa New Haven. Mwaka 1931, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ilifilisika ikanunuliwa na familia ya Olin, mabepari wa risasi. Mwaka 1936 kiwanda kilianza kuuza bunduki ya Modeli 70. Mwaka 1956 ikatolewa aina yake iliyoitwa "African", ya kuulia wanyama wakubwa kama tembo. Afrika ilitoa jina na wanyama. Kazi na faida vilibaki Marekani.

Modeli 70 ya zamani ilihitaji kazi nyingi. Komeo na mwili wake vilichongwa kutoka katika chuma cha pua, na nakshi za kitako zilikatwa kwa mkono. Kazi ya fundi ndiyo iliyokuwa gharama kubwa. Mwaka 1964 wenye kampuni walibadili umbo la bunduki ili kupunguza kazi hiyo. Nakshi zikawa za kugandamizwa kwa mashine. Wawindaji waliikataa, na bunduki zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo zikapanda bei. Hapo ilidhihirika kwamba thamani aliyoifuata mnunuzi ilitokana na kazi ya fundi.

Baada ya mgomo mrefu ulioanza mwaka 1979, Olin waliamua kuachana na kiwanda. Mwaka 1981 kilichukuliwa na kampuni mpya, U.S. Repeating Arms Company. Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kampuni hiyo ilipata mashine, lakini jina la Winchester ilipewa kwa leseni tu. Wenye jina walibaki Olin, pamoja na biashara ya risasi. Mwaka 1986 kampuni ilifilisika, na hatimaye ikawa mali ya FN ya Herstal, Ubelgiji. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwezi Machi 2006.

Je, bunduki ilikufa? La. Mwaka 2008 Modeli 70 ilirudi sokoni ikitoka kiwanda cha FN cha Columbia, South Carolina. Miaka michache baadaye kazi ya kuiunganisha ilihamishiwa Ureno. Bunduki za mtindo wa kale, kama Modeli 94, zinatengenezwa na kampuni ya Miroku huko Kochi, Japani.

Wengine husema kwamba mtaji hukimbilia tu mahali penye ujira mdogo. Maelezo hayo ni mepesi mno. Japani si nchi ya ujira mdogo. Miroku ina mafundi waliozoea kazi ya bunduki, na inatengeneza pia bunduki za Browning. Kwa hiyo mashine zake hazilali. Mtaji hutafuta ujuzi uliokwisha kujengwa na wengine, na kiwanda ambacho gharama zake zinagawanywa kwa bidhaa nyingi.

Lipo jambo jingine la kutafakari. Tangu 1997 mwenye hisa za kundi la Herstal ni Serikali ya Jimbo la Wallonia, Ubelgiji. Kwa hiyo waliofungiwa kiwanda New Haven walikuwa wakifanyia kazi mali ya umma, lakini umma huo haukuwa wao. Kutaifisha pekee hakuondoi sheria ya soko nje ya mipaka ya nchi.

Basi kada anayeambiwa kwamba kiwanda fulani sasa ni chetu aulize maswali matatu. Jina la bidhaa ni la nani? Ujuzi uko kichwani mwa nani? Na mnunuzi yuko mikononi mwa nani? Wasipopata majibu, wananchi watakuwa wamekabidhiwa kuta.