Kwa Nini Sonara Huizamisha Dhahabu Majini

Mwaka jana nilimpelekea sonara mmoja wa Mji wa Kale, hapa Mombasa, bangili ya marehemu mama yangu ili aipanue, imwenee dada yangu aliyekuwa karibu kuolewa. Ilikuwa dhahabu nyekundu ya karati 18, isiyochanganywa na kitu ila shaba nyekundu. Kijana wa kazi aliipasha moto, akaiweka juu ya tofali ipoe yenyewe, naye akaenda kunywa chai. Aliporudi akaigonga kwa nyundo, nayo ikakatika kama kigae. Shangazi yangu alipaza sauti kwamba tumebadilishiwa dhahabu, na nusura tufike kituo cha polisi.

Sonara mwingine aliisugua juu ya jiwe la kupimia, akaitia dawa, akasema ni karati 18 halisi. Kosa lilikuwa katika kuipoza.

Jambo hili ni geni kwa wengi wetu, maana tumezoea kazi ya mhunzi. Yeye akitaka makali ya kisu yawe magumu, hukitumbukiza majini kingali chekundu. Dhahabu ya namna hii ni kinyume chake: ikizamishwa majini huwa laini na kuikubali nyundo, lakini ikiachwa ipoe polepole huwa ngumu, na hupasuka.

Ili kuifahamu sababu yake, msomaji na aende Marikiti akatazame machungwa yanavyopangwa mezani. Tabaka la chini huwa la mraba, na kila chungwa la juu hukalia shimo lililo kati ya manne ya chini. Chembe ndogo mno za dhahabu, ziitwazo atomu, hupangana vivyo hivyo, na za shaba nyekundu pia. Kila moja iliyo ndani ya fungu hugusana na wenzake 12.

Karati 18 maana yake ni sehemu 18 za dhahabu katika 24 kwa uzito, na 6 za shaba. Lakini atomu moja ya dhahabu ina uzito wa kama atomu tatu za shaba. Kwa hiyo, tukizihesabu, idadi zao hukaribia kuwa sawa. Katika moto uliozidi digrii 410 za sentigredi hukaa ovyo, kama machungwa na machenza yaliyomwagwa pamoja. Zikipoa polepole chini ya hapo hujipanga: tabaka la dhahabu, tabaka la shaba, kwa zamu. Hapo kila atomu ya dhahabu hugusana na nane za shaba na nne tu za jinsi yake.

Mpango huo ni mzuri kuutazama, lakini una hasara. Atomu za shaba ni ndogo kuliko za dhahabu, basi fungu hupungua kimo, hata kimo chake kikawa pungufu ya upana wake kwa kadiri ya sehemu 7 katika 100. Na kwa kuwa sehemu moja ya bangili hupungua upande huu na nyingine upande ule, zote husukumana na kuvutana. Maji baridi huzikamata atomu kabla hazijapata nafasi ya kujipanga.

Kurnakov na wenzake wa Urusi waliliona badiliko hili mwaka 1916, na mwaka 1925 Johansson na Linde wa Sweden waliuonyesha mpango wenyewe kwa eksirei. Sidhani masonara walimngoja yeyote kati yao ndipo waweke beseni la maji karibu na moto! Tena fundi mjuzi huigeuza tabia hii kuwa faida: akiisha kuitengeneza pete, huipasha moto kidogo kwa makusudi, ipate ugumu wa kutopindika.

Dhahabu iliyokuwa ngumu bila kupasuka huponywa kwa kuipasha tena hata iwe nyekundu, kisha kuizamisha. Yetu ilikwisha kukatika, ikabidi iyeyushwe na kufuliwa upya. Safari hii nilisimama mlangoni mpaka niliposikia maji yakichemka. Dada aliivaa siku ya harusi, ila shangazi hata leo huipima kwa kiganja kila aendapo kumtembelea.