Baiskeli ya umeme ikizima njiani: kagua kiti cha betri kabla ya kununua betri mpya

Mchuuzi wa samaki anayetoka Mayungu kwenda Malindi na kreti mbili nyuma ya baiskeli ya umeme hana muda wa kupoteza. Baiskeli ikizima njiani, barafu inayeyuka, samaki wanaharibika na mapato ya siku yanakwenda. Wengi husema papo hapo kwamba betri imekufa. Betri mpya ni ghali, na huenda kosa ni pini iliyochafuka au skrubu iliyolegea tu. Kagua kwa utaratibu ufuatao kabla ya kutoa pesa.

Inazima wakati gani?

1. Inazima ikipita shimo au tuta, kisha inawaka tena: betri haijakaa sawa, au pini hazigusani vizuri.
2. Inazima ikipanda mlima au ikibeba mzigo mzito, kisha inarudi baada ya kupumzika: nguvu ya betri inashuka kupita kiasi mota inapovuta umeme mwingi.
3. Skrini inawaka lakini mota haizunguki: angalia swichi ya breki. Breki isiporudi mahali pake, mota hukatiwa umeme. Angalia pia kiungo cha waya wa mota.
4. Haiwaki kabisa: angalia kama ufunguo umegeuzwa, swichi ya betri imewashwa na fyuzi haijakatika.

Betri inayochezacheza

Betri ikishafungwa isitikisike. Ishike kwa mikono miwili na uisukume huku na huku. Ikicheza, zima baiskeli, toa betri na ukaze skrubu za kiti chake. Nafasi ikibaki, weka kipande cha tyubu kuukuu ubavuni, mbali na pini. Usiweke karatasi wala kitambaa, kwani hushika unyevu na huweza kuwaka.

Angalia pini zenyewe. Kila betri inapotikisika, umeme hukatika na kurudi, cheche hutoka na pini huungua. Pini nyeusi hupitisha umeme kwa shida, hupata moto na hatimaye huyeyusha plastiki iliyozishika. Huku Pwani hewa ya chumvi huongeza kutu ya kijani kwenye shaba. Futa pini kwa mswaki mkavu. Usitumie bisibisi: ikigusa pini mbili kwa pamoja italeta shoti. Plastiki ikiwa imeyeyuka, kiti kibadilishwe na fundi.

Usiazime betri ya baiskeli nyingine kwa sababu tu inaingia. Umbo linaweza kufanana, lakini chanya na hasi zikawa zimegeuzwa, au volti zikawa tofauti.

Kupima nguvu

Chaji betri mpaka taa ya chaja igeuke kijani, iache itulie saa moja, kisha fundi aipime kwa mita ya volti. Betri ya lithiamu-ioni iliyoandikwa volti 36 ikijaa husoma karibu 42. Ya volti 48 yenye seli 13 mfululizo husoma karibu 54.6. Ikisoma pungufu sana, kosa ni la chaja au baadhi ya seli zimechoka. Chaja nayo ipimwe kabla ya betri kulaumiwa.

Betri ikisoma vizuri imetulia, lakini ikashuka ghafla baiskeli inapopanda mlima, seli zimezeeka. Hapo punguza mzigo na usaidie kwa pedali huku ukijipanga kununua nyingine.

Mita ikisoma sifuri, huenda bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri imekata umeme ili kuzuia hatari. Baadhi ya betri huamka zikiunganishwa na chaja yake. Isipoamka, mpelekee fundi wa betri. Usikubali fundi aunganishe waya wa kuruka bodi hiyo. Baiskeli itatembea, lakini hakutakuwa na kitu cha kuzuia betri kujaa kupita kiasi na kuwaka moto.

Usalama nyumbani

- Tumia chaja ya betri hiyo tu. Chaja ya volti 48 isiunganishwe na betri ya volti 36.
- Iache betri ipoe baada ya safari kabla ya kuichaji.
- Usichaji ukiwa umelala, wala mbele ya mlango unaotegemea kutokea.
- Usioshe baiskeli kwa mashine ya presha ikiwa na betri.
- Betri iliyovimba, inayotoa harufu au iliyopata joto bila kutumika isichajiwe tena.

Ikianza kutoa moshi, watoe watu nje kwanza, kisha piga 999 au 112. Moto wa lithiamu unaweza kuzimika na kuwaka tena, kwa hivyo usirudi ndani kuokoa baiskeli.

Betri iliyokwisha

Isitupwe jaani wala kuchomwa pamoja na takataka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawapa wazalishaji jukumu la bidhaa zao hata baada ya matumizi kuisha. Anza kwa kumuuliza aliyekuuzia kama anaipokea. Unaponunua nyingine, nenda na ile ya zamani ulinganishe volti, umbo na mpangilio wa pini kabla ya kulipa.