Foleni ya Chumba cha Vidonda

Mwezi huu tulikaa asubuhi nzima kwenye benchi la chumba cha vidonda, katika zahanati moja hapa Nyarugusu. Saa mbili tulihesabu watu 23. Muuguzi alikuwa mmoja, na huyohuyo ndiye anayeitwa kuchoma sindano chumba cha pili.

Kidonda si kazi ya kulipua. Ananawa mikono, analowesha bandeji iliyoganda, anaifungua taratibu, anaosha, anaangalia usaha, anafunga upya, anaandika kitabuni. Kidonda cha jembe ni dakika kumi. Mguu wa mwenye kisukari unakula hata nusu saa. Haya, piga hesabu wewe mwenyewe.

Tukawauliza wenzetu wa benchi: mbona kila siku? Wakasema bila kubadilisha kila siku kidonda hakiponi. Kumbe sivyo! Muuguzi alitueleza kwamba kidonda kisafi kisicho na usaha mara nyingi hukaa siku mbili au tatu, na kukifungua ovyo kunabandua nyama changa. Rudi tarehe uliyopewa. Ila bandeji ikilowa, au kidonda kikivimba, kikinuka, au ukipata homa, hapo usingoje tarehe.

Mwisho wa benchi alikaa mzee wetu mmoja, kimya. Ana kisukari. Alikanyaga msumari wiki iliyopita na hakusikia kitu, maana ugonjwa huo huua hisia za miguu. Jumatatu alikuja, akaona foleni, akarudi. Jumanne vilevile. Alhamisi hiyo, soksi ilipovuliwa, sote tulisikia harufu. Alipelekwa hospitali siku ileile, akakatwa vidole viwili. Nasi tuliokuwa mbele yake, jamani, wengine vidonda vyetu vilikuwa vikavu.

Mwenye kisukari, mwambie anayeandikisha mlangoni mara tu unapofika. Msumari ukikuchoma, uliza pia chanjo ya pepopunda. Na mtoto akiungua, mmwagie maji safi ya baridi dakika 20. Mawese, majivu na dawa ya meno acheni, kwani muuguzi huanza kwa kuvitoa, na mtoto analia mara mbili.

Mzee sasa anakuja siku anazopangiwa. Watu wa benchi humpisha mbele. Yeye kwanza hukataa.