Kurudi mikono mitupu kutoka ziwani

Ukionekana Kiseke alfajiri ya Jumamosi umebeba fimbo ya kuvulia, jirani hakosi la kusema. "Kaka, kwani Mwaloni samaki wameisha?" Swali ni la haki. Soko la Kirumba Mwaloni liko jirani tu kwa daladala, na sato unampata hapo bila kulowa hata ndala. Mwanza uvuvi ni kazi, tena kazi ya jasho na usiku. Anayekwenda kuvua kwa raha huonekana ana pesa za kuchezea au ana akili chache.

Mimi niko upande wa huyo wa akili chache.

Ushelisheli, kwenye visiwa kama Alphonse na Cosmoledo, wageni hulipa pesa ndefu kwenda kurusha ndoano iliyofungwa manyoya, yakiigiza kisamaki au kamba anayekimbia kwenye maji ya chumvi. Wakimnasa kolekole wanampiga picha, kisha wanamwachia. Karibu na sisi, wageni wa Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo huvua sangara kwa fimbo. Tukiwasikia tunacheka: kulipa ili umvue samaki usiyemla! Lakini ukikaa nao watakusimulia upepo, mawimbi na samaki aliyewaponyoka, na uso wa msimuliaji unakuonyesha kuwa hakupunjwa.

Hapa kwetu raha hiyo haihitaji ndege. Mshipi, ndoano, chubwi, nyungunyungu kwenye kopo, basi. Unapanda jiwe, unatupa, unangoja. Katika kungoja huko ndiko ziwa linapokufundisha. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu, mchana hugeuka ukatoka majini, na ukijua hilo unajua utatupia upande gani. Siku nyingine wadudu wa ziwani huinuka kwa wingi hata ukadhani kuna moto unafuka kule mbali, na mbayuwayu wanajaa hapo kula.

Halafu kuna sato mwenyewe. Dume huchimba shimo la duara kwenye mchanga wa maji mafupi na kulilinda. Jike akishataga huyachukua mayai mdomoni, na watoto wakitoka bado huwakimbizia mumo humo kukiwa na hatari. Katika siku hizo kwa kawaida hali, kwa hiyo ndoano yako itapita mbele yake bila kumshughulisha. Kokoro halina mjadala kama huo. Linakokota chini kwa chini, linafukia mashimo ya madume na kumzoa mama na mdomo wake uliojaa. Mvuvi wa mshipi mmoja hupata shida kulisahau jambo hilo akishalijua.

Na wale visamaki wadogo wanaokudokolea chambo mpaka unakasirika? Hao ni furu, na wanastahili heshima kidogo. Sangara hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na alipotapakaa miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilitoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, walioanza kazi Mwanza mwaka 1977, walijikuta wakiandika kumbukumbu za samaki waliokuwa wakipotea machoni pao. Waliopona vizuri zaidi ni wale wa kwenye mawe, ambako sangara hapati nafasi nzuri ya kuwinda. Mmoja wao, dume lake jekundu mgongoni na la manjano ubavuni, alipewa mwaka 1985 jina la kisayansi la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Wangapi kati yetu tumewahi kuambiwa hivyo shuleni?

Sisemi sangara ni adui. Amejenga nyumba na kusomesha watoto mjini hapa, viwanda vya minofu vimesimama juu ya mgongo wake. Nasema tu kwamba ziwa tunalolijua kwa kilo na bei ni kipande kidogo cha ziwa lenyewe, na kipande kilichobaki hakiuzwi Mwaloni. Nikirudi mikono mitupu, na narudi hivyo mara nyingi kuliko nipendavyo kukiri mbele ya jirani, huwa nimekula kwenye kile kingine. Nashukuru.

Kwa anayetaka kujaribu: anza kwa kuuliza ofisi ya uvuvi ya halmashauri kuhusu leseni na maeneo yanayoruhusiwa. Simama juu ya jiwe, usiingie majini, maana kichocho kipo na mamba wapo. Ukipanda mtumbwi vaa jaketi la kuokolea maisha, hata kama mwenye mtumbwi hana lake. Sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kisheria, kwa hiyo lowesha mkono kwanza, mtoe ndoano taratibu, umrudishe. Na mtoto mchukue. Fimbo ya pili ni mti wowote ulionyooka.